Kinena kinauma? Kupumzika peke yake hakutoshi

Kila msimu nakutana na wachezaji wa hivi: kinena kinauma, anakaa nje wiki mbili tatu, maumivu yakipoa anarudi uwanjani, anapiga krosi kadhaa tu yanaanza upya. Mimi kama fizio hili linaniuma sana maana maumivu yametulia kweli ila msuli umebaki dhaifu vilevile, pengine kuliko mwanzo, na aliyewahi kuumia hapo ndo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuumia tena.

Msuli unaoumia zaidi ni adakta longasi, uko paja la ndani, umeshika kwenye mfupa wa kinena na kushuka mpaka mfupa wa paja. Wengi wanajua kazi yake ni kubana miguu basi. Sasa muangalie mtu anapiga shuti: mguu unaenda nyuma, paja linafunguka kwa nje, msuli unavutika, na wakati huohuo inabidi ukaze kwa nguvu ili uurudishe mguu mbele, yani unarefuka huku unakaza. Hapo ndo unachanika, mara nyingi hata mpira haujaguswa.

Kupima ni rahisi. Lala chali, kunja magoti, mwenzio aweke ngumi katikati ya magoti yako, bana kwa nguvu zote. Ikiuma, au nguvu imepungua kuliko wiki iliyopita, mwambie kocha mapema, usisubiri ushindwe kukimbia.

Zoezi ninalowapa karibu wote ni lile la Copenhagen. Unalala ubavu, unaegemea kiwiko, mwenzio anashika mguu wako wa juu, unainua mwili huku mguu wa chini ukipanda kuufuata wa juu, halafu unashuka taratibu, na huko kushuka msikuharakishe jamani maana ndo msuli unafanya kazi ukiwa unarefuka. Utafiti wa Norway uliotoka 2019 ulionyesha timu zilizofanya programu hii zilipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa 41%. Walifanya mara tatu kwa wiki kabla ya msimu, ligi ikianza mara moja kwa wiki, basi.

Siku za mwanzo paja litakaza na kuuma kidogo, kwa hiyo usilianze zoezi hili karibu na mechi, na kama ni zito mwambie mwenzio akushike kwenye goti badala ya kifundo cha mguu.