Waitaliano wa Chicago: Hati Moja, Majibu Manne

Mwanamume aliyezaliwa Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, na kuhamia Chicago, alipotaka kuwa raia wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, alianza kwa kujaza hati ya kutangaza nia yake mbele ya karani wa mahakama. Katika hati hiyo maelezo yake yaliandikwa yakifuatana: rangi, nyeupe; ngozi, imekoza; asili, Mwitaliano wa Kusini; utaifa, Mwitaliano. Wasomaji wanaotuandikia kuuliza iwapo Waitaliano walihesabiwa kuwa weupe walipofika Marekani hutarajia jibu la ndiyo au la. Sisi hupendelea kuanza na hati hiyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba mtu yule yule aliwekwa kwenye mizani mbili kwa wakati mmoja: mizani ya rangi, ambayo sheria iliitumia kugawa haki, na mizani ya asili, ambayo wataalamu, magazeti na wanasiasa waliitumia kugawa heshima. Waitaliano wa Kusini walidharauliwa vikali katika mizani ya pili, huku nafasi yao katika ile ya kwanza ikibaki salama.

Tuanze na sheria. Tangu mwaka 1790 uraia wa Marekani kwa mgeni uliruhusiwa kwa "mtu mweupe aliye huru" peke yake, na mwaka 1870 Bunge likaongeza watu wenye asili ya Afrika. Waliobaki katikati walilazimika kwenda mahakamani kuthibitisha weupe wao. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkataa Takao Ozawa, mzaliwa wa Japani, na mwaka uliofuata ikamkataa Bhagat Singh Thind, Mhindi aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la Marekani. Wakati huo huo Waitaliano walikuwa wakipewa uraia kwa maelfu katika mahakama za kawaida, bila yeyote kusimama na kudai kwamba hawastahili kwa sababu ya rangi.

Mizani ya asili, kwa upande wake, haikubuniwa Marekani peke yake. Baada ya Italia kuungana, wasomi wa huko wenyewe, akiwemo Alfredo Niceforo, mwanafunzi wa fikra za mtaalamu wa uhalifu Cesare Lombroso, waliandika kwamba watu wa kusini ni asili tofauti na watu wa kaskazini, na kwamba uhalifu na umaskini wa kusini ulitokana na damu. Ni ajabu kiasi gani kwamba hoja hizi zilivuka bahari pamoja na watu zilizowatukana! Kuanzia mwaka 1899 maofisa wa uhamiaji wa Marekani walikuwa wakiwaorodhesha Waitaliano wa Kaskazini na wa Kusini kama makundi mawili, na kamusi ya asili za watu iliyotolewa mwaka 1911 na tume ya Bunge, ambayo kwa kawaida huitwa Tume ya Dillingham, iliwategemea wasomi hao ilipowaeleza watu wa kusini kuwa wepesi wa hamaki na wagumu kuzoea jamii yenye utaratibu. Matunda yake yalionekana mwaka 1924. Sheria mpya ya uhamiaji ilikokotoa idadi ya wageni kwa kutumia sensa ya mwaka 1890, iliyofanyika kabla ya wimbi kubwa la watu wa kusini, na Italia, ambayo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa na miaka ya kupeleka zaidi ya watu 200,000, ikabakiziwa nafasi 3,845 kwa mwaka.

Chicago ilikuwa na wazaliwa wa Italia wapatao 45,000 mwaka 1910, na karibu 74,000 ilipofika mwaka 1930. Wengi walitoka kusini, wakafanya kazi za reli, ujenzi na uchuuzi, wakakaa kwa kufuata vijiji vyao vya asili: wengine kando ya mtaa wa Taylor, wengine upande wa kaskazini mwa katikati ya jiji, katika eneo lililojulikana kama Sisilia Ndogo. Magazeti yaliwahusisha na visu, ulanguzi wa pombe na barua za vitisho, na wenye nyumba katika mitaa fulani hawakuwataka. Mahali pengine mambo yalikuwa mabaya zaidi: mwaka 1891 umati wa watu katika jiji la New Orleans ulivunja gereza na kuwaua Waitaliano 11 kwa tuhuma za mauaji ya mkuu wa polisi. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Waitaliano hawakuwa weupe. Kwa maoni yangu ushahidi huo unathibitisha chuki, na chuki ile ilikuwa ya kutisha, lakini hauthibitishi kwamba dola iliwaondoa katika safu ya weupe. Louisiana haikuwahi kuwanyima jina hilo katika vitabu vyake.

Ghasia za mwaka 1919 mjini Chicago zinaonyesha hali hiyo kwa ukali. Zilianza tarehe 27 Julai, pale kijana mweusi Eugene Williams alipozama katika Ziwa Michigan baada ya kurushiwa mawe, na zilipokwisha watu 38 walikuwa wamekufa, 23 weusi na 15 weupe. Miongoni mwa hao 15 alikuwamo mchuuzi Mwitaliano mwenye umri wa miaka 60, aliyevamiwa siku ya pili akiwa na mkokoteni wake katika eneo la watu weusi. Vijana waliomchoma visu hawakuuliza kama alitoka Milano ya kaskazini au Palermo ya kusini. Siku iliyofuata, katika mtaa wa Waitaliano karibu na Taylor, uvumi ulienea kwamba binti mmoja wa pale ameuawa, na mwanamume mweusi aliyekuwa akipita kwa baiskeli akakamatwa na umati, akapigwa na kumiminiwa risasi hadi akafa. Mji mzima ukavumisha kwamba alichomwa moto. Uchunguzi rasmi ulikanusha hilo la moto, ila si mauaji yenyewe. Mtu aliyedharauliwa kwa asili yake aliweza kuuawa kama mweupe na kuua kama mweupe ndani ya wiki moja.

Lakini mahali ambapo tofauti ya mizani hizi ilipimwa kwa fedha ni katika nyumba. Mwaka 1933 Homer Hoyt, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa orodha ya makundi kumi kwa kadiri yalivyodhaniwa kuathiri bei ya ardhi jijini. Waitaliano wa Kaskazini waliwekwa nafasi ya pili. Wale wa Kusini nafasi ya nane, wakifuatiwa na Wamarekani weusi na Wameksiko tu. Anayeisoma orodha hiyo peke yake atasema kwamba Msisilia alikuwa jirani wa mtu mweusi kwa hadhi. Na kwa hadhi, ndiyo. Hata hivyo mikataba ya masharti iliyosambazwa na bodi ya madalali wa ardhi ya Chicago tangu mwaka 1927, iliyokataza kuwauzia au kuwapangishia nyumba watu fulani, ilimtaja mtu mweusi, na mahakama ziliitekeleza hadi mwaka 1948. Msisilia aliyepata fedha angeweza kununua nyumba mtaani humo, majirani wakinuna wapendavyo. Hoyt mwenyewe aliajiriwa mwaka 1934 na shirika la serikali lililodhamini mikopo ya nyumba, na hapo dhana za bei na asili zikawa sehemu ya kazi za serikali.

Je, Waitaliano wenyewe walijionaje? Kwa miaka mingi hawakuwa na haja ya kujitaja kwa rangi. Walijitaja kwanza kwa kijiji au mkoa, kisha, kadiri utawala wa Mussolini huko Italia ulivyojitangaza, kwa Uitaliano. Julai 1933 Italo Balbo, waziri wa anga wa Italia, alipotua ziwani na ndege 24 wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, umati ulimshangilia na barabara ikapewa jina lake. Miaka miwili baadaye Italia iliivamia Ethiopia. Wanawake wa Kiitaliano katika miji ya Marekani walitoa pete zao za ndoa za dhahabu kuchangia vita hivyo; Wamarekani weusi wa Chicago waliandamana kuvipinga, na rubani kutoka miongoni mwao, John Robinson, alikwenda Addis Ababa akawa kiongozi wa kikosi cha anga cha Mfalme Haile Selassie. Hata katika mvutano huo, Waitaliano walizungumza zaidi juu ya taifa na dola yao kuliko juu ya weupe.

Lugha ya weupe ilishika kasi Vita vya Pili vya Dunia vilipobadili mji. Baada ya Desemba 1941 Waitaliano wapatao 600,000 wasio raia waliitwa wageni wa taifa adui, lakini hadhi hiyo iliondolewa Oktoba 1942, ilhali Wajapani wapatao 120,000, wengi wao wakiwa raia wa kuzaliwa, walikuwa kambini. Mwaka huo huo nyumba za umma zilifunguliwa katika Sisilia Ndogo, zikapewa jina la mtawa Mwitaliano, Frances Cabrini, aliyefariki Chicago mwaka 1917. Wapangaji walikuwa mchanganyiko wa weupe na weusi. Paroko wa kanisa la Mtakatifu Filipo Benizi, Luigi Giambastiani, aliandika kuupinga mchanganyiko huo, na waumini wake, ambao wataalamu walikuwa wamewapa nafasi ya nane, sasa walidai mtaa wao kama watu weupe.

Hawakukaa sana. Mikopo iliyodhaminiwa na serikali baada ya vita iliwawezesha kununua nyumba pembezoni mwa jiji, katika miji kama Melrose Park na Elmwood Park, ambako majirani wao weusi, waliofanya kazi na kulipa kodi kama wao, hawakukopeshwa wala kuuziwa. Majengo ya ghorofa yaliongezwa Cabrini mwaka 1958 na 1962, na ilipofika katikati ya muongo huo wakazi wake walikuwa karibu wote weusi, wakiishi katika viwanja ambavyo Wasisilia walikuwa wamepata njia ya kuviacha.