Data maalumu kwenye grafu za ufuatiliaji wa seva: maana yake, na namna ya kutafuta hitilafu zake

Mfumo wa kufuatilia seva, uwe Nagios, Zabbix, Cacti au Munin, huja na vipimo vinavyojulikana: matumizi ya prosesa, kumbukumbu iliyobaki, nafasi kwenye diski na mwendo wa data mtandaoni. Data maalumu ni kipimo chochote kilicho nje ya orodha hiyo, ambacho msimamizi wa seva amelazimika kukitengenezea njia yake mwenyewe ya kukichukua, kwa mfano idadi ya barua pepe zinazosubiri kutumwa, joto la chumba cha mitambo, au muda ambao hifadhidata huchukua kujibu swali moja. Kwa kawaida njia hiyo ni skripti fupi ambayo mfumo huiendesha kila baada ya muda fulani, nayo hujibu kwa namba. Kuchora data maalumu, basi, ni kuifikisha namba hiyo kutoka kwenye skripti hadi kwenye mstari wa grafu bila kupotea wala kupotoshwa njiani.

Njiani ndiko kwenye matatizo. Namba hupita hatua nne: skripti huitoa, mfumo huitambua kuwa ni namba ya kuhifadhiwa, hifadhidata huiweka pamoja na saa ilipopimwa, na mwishowe programu ya kuchora huisoma na kuigeuza mstari. Hitilafu ya hatua yoyote kati ya hizo huonekana mahali pamoja tu, yaani kwenye grafu, na ndiyo sababu watu wengi huanza kuhangaika na kiolezo cha grafu, rangi na majina ya mistari, ilhali hiyo ndiyo hatua ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kuchunguzwa mwisho.

Hata hivyo grafu yenyewe ina la kusema, kwa kuwa malalamiko kwamba "grafu haifanyi kazi" huficha hali tatu tofauti. Ikiwa hakuna picha kabisa, au pana ujumbe wa kosa, programu ya kuchora haikulipata faili la data, au haikulipata jina la kipimo ndani ya faili hilo. Ikiwa picha ipo na mihimili ipo, lakini mstari haupo na maelezo ya chini yanaonyesha nan, yaani "si namba", mahali pa namba, faili limepatikana na kusomwa, ila thamani zilizomo hazijulikani. Ikiwa mstari umelala juu ya sifuri, namba zilifika, nazo ama zilikuwa sifuri kweli, ama zimechorwa kwenye mhimili mmoja na kipimo kingine kikubwa kiasi cha kuzifunika. Sifuri na kutojulikana ni mambo mawili mbalimbali: foleni yenye barua sifuri ni habari njema, lakini foleni isiyojulikana huenda ina barua elfu kumi.

Kwenye skripti, kosa la kushuku kwanza ni la ruhusa. Msimamizi huijaribu akiwa root, yaani mtumiaji mwenye ruhusa zote, ikajibu vizuri, kisha mfumo huiendesha kwa jina la mtumiaji mwingine, kama vile nagios au zabbix, asiyeruhusiwa kusoma foleni ya barua wala asiye na njia zilezile za kutafutia amri. Jaribio lenye maana ni lile linalofanywa kwa jina la mtumiaji huyo, kwa mfano kwa kutumia sudo -u nagios.

Muundo wa jibu nao una sheria zake. Nagios hutumia alama ya mstari wima kutenganisha maneno ya kusomwa na binadamu na namba za kuchorwa, hivyo skripti inayoandika "Foleni sawa, barua 120" itaonekana kwenye ukurasa wa hali ya huduma lakini haitachorwa kamwe, mpaka iandike "Foleni sawa | foleni=120;500;1000;0", ambapo 500 ni kiwango cha onyo, 1000 ni kiwango cha hatari na 0 ni kima cha chini kabisa. Zaidi ya hapo, process_performance_data lazima iwe 1 kwenye faili la mipangilio la Nagios. Zabbix kwa upande wake hutaka aina ya taarifa itajwe wakati kipimo kinaposajiliwa, na kipimo kilichosajiliwa kuwa maandishi hakichorwi mstari hata kama maandishi yote ni namba. Seva iliyowekewa lugha inayotenga desimali kwa mkato nayo huweza kutoa 0,75 pale panapotarajiwa 0.75, na tofauti hiyo ndogo hutosha kuifanya namba ikataliwe au ikatwe.

Hatua ya uhifadhi ndiyo yenye mengi. Cacti, Munin na nyongeza ya Nagios iitwayo PNP4Nagios huhifadhi namba kwa RRDtool, programu ambayo Tobias Oetiker aliitoa mwaka 1999 baada ya MRTG, kazi yake ya mwaka 1995 ya kuchora mwendo wa data kwenye mitandao. Faili la RRDtool halikui: ukubwa wake huamuliwa siku linapoundwa, na nafasi zikijaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani kabisa. Siku hiyohiyo huamuliwa pia aina ya kipimo, kima cha chini na cha juu kinachokubalika, na muda mrefu zaidi unaoruhusiwa kupita kati ya namba moja na inayofuata. Kubadilisha mipangilio ya mfumo baadaye, kwa kawaida, hakuligusi faili lililokwisha kuundwa. Mtu hurekebisha kilichostahili kurekebishwa, husubiri, haoni tofauti, na hatimaye hurudi kuvuruga sehemu iliyokuwa nzima.

Aina ya kipimo ndiyo huleta grafu za ajabu kuliko zote. Aina ya GAUGE huichukua namba kama ilivyo, nayo huzifaa thamani zinazopanda na kushuka, kama joto au urefu wa foleni. Aina ya COUNTER huichukulia namba kuwa jumla inayoongezeka tu, kama mita ya maji, kwa hiyo hutoa usomaji uliopita kutoka kwenye usomaji mpya, kisha hugawanya tofauti kwa sekunde zilizopita. Mtu akiiweka jumla ya barua zilizotumwa tangu seva iwashwe kwenye GAUGE, hupata mstari unaopanda bila kukoma na usiomwambia lolote kuhusu kasi ya leo. Akiiweka foleni kwenye COUNTER, matokeo ni mabaya zaidi: foleni ikishuka kutoka 120 hadi 90, RRDtool hudhani kihesabu cha biti 32 kimejaa na kuanza upya, hivyo hukokotoa tofauti ya zaidi ya bilioni nne, ambayo ikigawanywa kwa sekunde 300 za kati ya usomaji na usomaji hutoa zaidi ya barua milioni 14 kwa sekunde. Mhimili hunyooka kuipokea namba hiyo na data yote ya kweli hubanwa chini isionekane.

Mwiba wa namna hiyo hutokea pia kwenye kihesabu halali seva inapowashwa upya, kwa kuwa jumla hurudi sifuri. Dawa yake ya kawaida ni aina ya DERIVE iliyowekewa kima cha chini cha sifuri, ambayo hukokotoa tofauti vilevile lakini hukataa kasi hasi na kuacha pengo dogo badala ya mwiba. Prometheus, mfumo mwingine wa ufuatiliaji ambao hautumii RRDtool, huiachia kazi hiyo kanuni ya rate wakati wa kuuliza data, nayo hutambua yenyewe kwamba kihesabu kimeanza upya.

Muda unaoruhusiwa kati ya namba na namba huitwa heartbeat, na mara nyingi huwekwa sekunde 600 kwenye faili lenye hatua za sekunde 300. Msimamizi anayeona skripti yake ni nzito akaamua iendeshwe kila baada ya dakika 15 atakuta jambo la kushangaza: kila namba inafika, hakuna kosa lolote kwenye kumbukumbu za matukio, faili linasasishwa, na bado grafu ni tupu, kwa sababu sekunde 900 zimezidi 600 na kila kipindi kimehesabiwa kuwa hakijulikani. Kima cha juu hufanya vivyo hivyo kwa namba kubwa: foleni ya barua 3400 kwenye faili lililowekewa ukomo wa 1000 hutoweka kwenye grafu wakati uleule inapohitajika kuonekana. Faili jipya nalo lipewe vipindi viwili au vitatu kabla ya kulaumiwa, kwani kihesabu hakiwezi kutoa kasi kwa usomaji mmoja.

Ili kujua namba imeishia wapi, amri tatu hutosha. Amri ya rrdtool lastupdate huonyesha namba ya mwisho iliyopokelewa na saa yake. Rrdtool info huonyesha aina, ukomo na heartbeat ya kila kipimo. Na rrdtool fetch foleni.rrd AVERAGE huonyesha kilichohifadhiwa. Namba ikionekana kwenye lastupdate lakini fetch ikatoa nan, tatizo ni heartbeat au ukomo, na rrdtool tune huweza kuvirekebisha, ingawa vipindi vilivyokwisha kuandikwa kuwa havijulikani havirudi. Saa ya lastupdate ikiwa ya jana, kagua mmiliki wa faili, maana faili lililoundwa na root huenda lisiandikwe na mfumo unaoendeshwa kwa mtumiaji mwingine.

Iwapo fetch inatoa namba safi na grafu bado ina shaka, ndipo zamu ya uchoraji inapofika, na mara nyingi kinachoonekana kuwa kosa ni tabia ya kawaida. RRDtool huzirekebisha namba ziendane na mipaka ya vipindi vyake, kwa hiyo barua 118.4 kwenye foleni si ajabu. Grafu ya mwaka huchorwa kwa wastani wa vipindi virefu, hivyo foleni iliyofika 2400 kwa dakika tano na kubaki sifuri kwa muda uliosalia wa saa mbili huonekana kama 100 tu, isipokuwa faili liliundwa likiwa linahifadhi pia thamani za MAX, yaani za juu kabisa za kila kipindi. Na herufi ndogo m kwenye mhimili wa RRDtool humaanisha sehemu ya elfu, wala si milioni: barua 60 katika sekunde 300 ni 0.2 kwa sekunde, na grafu itaiandika 200m.