Shabu haiponyi vipele vya ndevu

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Lamu, vijana huanza kumiminika kinyozini kwangu, mtaa wa Langoni, na ombi lile lile: "Ami, ukimaliza kuninyoa nisugue shabu kwa nguvu, hivi vipele viniishe." Nawaambia shabu, lile jiwe la kupaka baada ya kunyoa, haina uwezo huo. Wananiitikia kwa adabu, kisha wanapita dukani kununua jiwe lao, wanajisugua asubuhi na jioni, na baada ya muda wanarudi shingo imepiga weusi na vipele vimezidi. Nimechoka kulirudia jambo hili mdomoni, acha niliandike.

Shabu ni chumvi ya madini yenye potasiamu, alumini na salfeti. Ikigusa ngozi iliyotoka kunyolewa hukaza sehemu ya juu na kugandisha protini zilizomo kwenye damu, ndiyo maana mkwaruzo mdogo wa wembe huacha kuvuja papo hapo. Tena ina asidi, kwa hivyo baadhi ya bakteria hupata tabu kuzaana pale. Kazi hiyo naiheshimu na shabu haikosi mezani kwangu. Lakini yote hufanyika juu ya ngozi, na kipele cha ndevu chanzo chake kiko chini.

Ndevu za wengi wetu ni za kujikunja. Ukivuta ngozi kwa vidole na kunyoa kinyume cha zinavyolala ili upate shingo laini kabisa, wembe huukata unywele kwa mshazari na kuuachia ncha kali. Ukiiachia ngozi, ncha ile huzama ndani. Siku mbili tatu zikipita unywele unaanza kukua: ama unatoboa ukuta wa kishimo chake kabla haujatoka, ama unatoka, unapinda, na kuingia tena ngozini pale pembeni. Mwili huushambulia kama unavyoushambulia mwiba uliobaki kidoleni. Uvimbe, mwasho na usaha unaouona ni vita hivyo. Sasa niambie, jiwe unalolipitisha juu litaufikia vipi unywele uliozama ndani?

Fundi mmoja wa majahazi alinijia akiwa amejisugua shabu mpaka shingo imekakamaa. Nilimwinua kidevu na kumulika taa. Chini ya taya niliuona unywele umepinda upinde kamili: shina limo ndani, ncha imo ndani, katikati tu ndipo palipokuwa nje, na kando yake kipele kimeiva. Nilichukua sindano mpya, nikaipangusa spiriti, nikaipenyeza chini ya ule upinde na kuunyanyua mpaka ncha ikatoka. Sikuung'oa, na wewe usiung'oe, maana ukiung'oa ule utakaoota badala yake huanza safari chini zaidi na hupotea njia kwa urahisi. Kujisugua shabu kila siku kulikuwa kumemkausha ngozi na kumwongezea mwasho, na ngozi nyeusi ikichokozwa hujibu kwa kuongeza rangi. Madoa yale huchukua miezi kufifia. Kijana anadhani ni uchafu, anasugua tena, doa linakoza.

Dawa ya vipele ni kubadilisha namna ya kunyoa. Waliozidiwa nawataka waache wembe wiki 3 au 4, nywele zilizonasa zipate urefu wa kujitoa zenyewe. Hapa ndipo ninapobishiwa: "Nina harusi Alhamisi, nitakaaje na ndevu?" Basi kaa na mashine, uache kama milimita 1. Kwenye picha hakuna atakayeiona, na shingo yako itakuwa salama. Ukishika wembe tena, nyoa baada ya kuoga au baada ya kuweka taulo la maji ya moto dakika chache, nywele zilainike. Fuata zinakolala. Usivute ngozi. Usirudie pale pale mara tatu. Na maji ya kisima chenye chumvi hayatoi povu la maana, kwa hivyo tia ndoo ya maji ya bomba yasiyo na chumvi kwa ajili ya kunyolea, au tumia krimu. Wengi wanaodhani ngozi yao ni mbaya wananyoa karibu na ukavu. Anayetoka vinundu vigumu kisogoni, au usaha usiokauka, aende hospitali. Huyo si wa kinyozi wala si wa shabu.

La pili linaniudhi karibu sawa na hilo: "Shabu inaua vijidudu vyote, jiwe moja linatutosha sote." Mzee mmoja alinitolea hoja ya mtungi, kwamba wazee wetu walitia shabu kwenye maji na wakanywa. Ni kweli shabu husafisha maji yenye tope, kwa kuyakusanya matope yatue chini. Maji yakishakuwa meupe bado yanataka kuchemshwa au kutiwa klorini, kwa sababu kutakata si kufa kwa vijidudu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 na bado vikaambukiza, hata katika damu iliyokauka usiyoiona kwa macho. Jiwe linalotoka shingo hii kwenda shingo ile linabeba damu hiyo. Kwangu shabu naisaga, naiyeyusha katika maji kidogo, kila mteja na pamba yake, na pamba ikishatumika inatupwa. Wembe ufunguliwe mbele yako. Kinyozi akikupitishia jiwe alilotoka kumpitishia mwenzio, mzuie, hata kama ni mkubwa kwako. Na nyumbani baba na mwana kila mtu awe na jiwe lake.

"Ikiwasha ndiyo inafanya kazi." Hapana. Mwasho ni chumvi yenye asidi kwenye mikwaruzo. Ikikuchoma sana, ujue wembe wako umekuchuna, na kosa ni la wembe au la mkono.

"Shabu inafunga vinyweleo." Vinyweleo havina misuli ya kuvifungua na kuvifunga. Ngozi hukazika kwa muda, kisha hurudi ilivyokuwa.

"Ni ya asili, haina kemikali wala alumini." Alumini imo katika jina lake la kitaalamu. Wanaoogopa saratani kwa ajili hiyo waelewe kwamba uhusiano huo haujathibitishwa hata kwa dawa za kwapa zinazopakwa kila siku, sembuse shabu ya nusu dakika. Lakini usiniuzie shabu kwa sifa isiyokuwa nayo. Haing'arishi uso, na haizuii ndevu kuota.

Matumizi yenyewe ni mafupi. Osha uso kwa maji baridi, lowesha jiwe, lipitishe polepole mara moja pale palipopita wembe, bila kusugua. Ngoja nusu dakika mpaka dakika moja. Kisha suuza. Wengi huiacha ikaukie usoni wakalala nayo, wakaamka ngozi inawavuta na kubabuka. Ukishasuuza, kausha kwa kugusagusa taulo na upake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Mwenye ngozi kavu anaweza kuiacha shabu kabisa na asipungukiwe na kitu. Maji baridi na mafuta yanamtosha.

Na Ijumaa tafadhali, itri ipake kwenye nguo. Naona watu wananyanyuka kutoka kwenye kiti changu, wanachovya kidole katika kichupa na kujipaka shingoni pale pale wembe ulipopita, halafu kola ya kanzu inakuja kusugua juu yake na jasho la mchana. Ingoje ngozi mpaka kesho yake.

Jiwe ukishalitumia lisuuze, lifute, uliweke mahali pakavu, kwani likikaa majini huyeyuka. Likipasuka likatoa makali, lisage uyeyushe unga wake, au nunua jingine. Makali yale yanakata ngozi.