Kuku wanaokoroma: maswali kuhusu mafua na kinga

Kuku wangu wa mayai hapa Bombo, Uganda, wamevimba uso, na kamasi zao zinanuka. Ni kideri?

Harufu hiyo, pamoja na uvimbe chini ya macho, inaelekea zaidi kwenye mafua makali ya kuku, ambayo huletwa na bakteria. Kuku aliyeambukizwa huonyesha dalili ndani ya siku 1 hadi 3, na mayai hupungua. Kideri huletwa na virusi, na mara nyingi huja na kinyesi cha kijani, shingo kupinda na vifo vingi. Lakini dalili huingiliana, kwa hiyo mpelekee daktari wa mifugo kuku mgonjwa ambaye bado hajapewa dawa.

Wengine hawavimbi, wanakoroma tu wiki nzima.

Ingia bandani usiku, wametulia, usikilize. Mkoromo wa muda mrefu mara nyingi ni mikoplasma, aina ya bakteria. Huyu hupita ndani ya yai kutoka kwa mama, kwa hiyo unaweza kumnunua pamoja na vifaranga. Peke yake haui sana, ila humfungulia mlango bakteria mwingine, E. koli, na hapo ndipo ukimpasua kuku unakuta mifuko ya hewa imejaa utando mzito wa njano.

Nimechanja. Mbona bado wanaugua?

Umechanja nini? Chanjo ya kideri haizuii mafua ya bakteria.

Halafu kinga ya kuku haianzii kwenye sindano. Koo lake lina vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute na vumbi kwenda juu. Amonia ya matandiko yaliyolowa huvilemaza, na bakteria hushuka bila kizuizi. Maganda ya kahawa wanayotandika wafugaji wengi huku ni mazuri yakiwa makavu. Tatizo ni pale chini ya vyombo vya maji. Chuchumaa hadi usawa wa kuku uvute pumzi: macho yakikuwasha, wao wameshaumia. Kuziba madirisha kwa magunia huku jiko la mkaa linawaka ndani huzidisha madhara, na kwa maoni yangu tabia hii inatuponza kuliko baridi tunayoikimbia.

Kinga ambayo kifaranga hurithi kupitia kiini cha yai hupungua sana baada ya wiki 2 hadi 3. Baadaye hutegemea zaidi chembe za kinga zinazokomaa kwenye tezi iliyo karibu na tundu la kinyesi. Gamboro, ugonjwa wa virusi, hushambulia tezi hiyohiyo, ndiyo maana kundi lililopitiwa na Gamboro huugua kila kitu na hata chanjo nyingine hazishiki vizuri.

Duka la dawa za mifugo wamenipa antibiotiki ya kutia majini.

Uliza ni ya nini. Penisilini haimgusi mikoplasma, kwani hana ukuta wa seli ambao dawa hiyo huuvunja. Tailosini na doksisaiklini hutuliza dalili, lakini waliopona huweza kubaki wamebeba vimelea. Usiwachanganye na vifaranga wapya. Maliza siku zote za dozi. Soma pia kibandiko: si kila dawa inaruhusiwa kwa kuku wa mayai, na mayai ya siku za kusubiri dawa iishe mwilini mwa kuku hayauzwi wala hayaliwi.

Nami nitaambukizwa?

Si kwa vimelea vya mafua haya wala mikoplasma ya kuku. Wakifa wengi kwa ghafla ni habari nyingine: homa ya ndege ilionekana kandokando ya Ziwa Victoria, Lutembe karibu na Entebbe, Januari 2017. Usiwashike kwa mikono mitupu, usiwachinje, mwite afisa mifugo.