Soya haimwotishi mwanamume matiti

Ule ujumbe wa "mwanamume akila soya anaota matiti na nguvu zinaisha" umerudi tena kwenye magrupu, na sasa wageni wanakataa mishkaki ya soya kabla hata haijatoka jikoni.

Soya ina isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana kiumbo na homoni ya kike. Kufanana huko ndiko kunakochanganya watu, lakini mwilini nguvu yake ni ndogo mno. Uchambuzi wa mwaka 2021, uliojumlisha tafiti 41, haukuona testosteroni (homoni ya kiume) ya wanaume ikishuka. Yupo mzee mmoja aliyevimba matiti kweli, ila alikuwa akinywa takriban lita 3 za maziwa ya soya kila siku, alipoacha, maumivu ya matiti yakaisha.

Ukiupata ujumbe huo, uliza: utafiti gani, wa mwaka gani, watu wangapi? Kwa kawaida hauna jibu hata moja. Basi usiusambaze.

Wenye mzio wa soya, hao waiache. Wengine, kwa mishkaki, loweka vipande vya soya kwa maji ya moto, kamua sana (maji yakibaki, viungo havishiki), paka ukwaju, tangawizi na pilipili, kisha weka kwenye mkaa mpaka kingo ziungue kidogo.