Kipimo kisichoyumba si lazima kiwe sahihi

Wengi huamini kuwa kipimo kikitoa jibu lilelile kila mara, basi kinasema kweli. Imani hiyo ina msingi, maana kipimo kinachoyumba hakifai. Ila uthabiti si usahihi.

Tazama mizani dukani Kariakoo: sahani ni tupu, mshale umelala kwenye gramu 50. Pima sukari mara kumi, jibu halibadiliki, na mara zote kumi umepunjwa gramu 50. Kwa hiyo angalia sifuri kwanza, kisha weka pakiti ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa, uone kama mshale unafika kilo 1.

Madodoso nayo ni hivyohivyo, na hapa ndipo wanafunzi wetu wengi wanapokwama. Uthabiti wa dodoso hupimwa kwa namba iitwayo alfa ya Cronbach; ikifika 0.7, watafiti wengi huridhika. Lakini alfa huonyesha tu kwamba majibu ya maswali yanakwenda pamoja. Ukitaka kupima ubora wa usafiri wa daladala, halafu maswali yote matano yakawa juu ya lugha ya konda, alfa itapanda vizuri tu, nawe utakuwa umempima konda. Foleni, nauli na msongamano hujavigusa.

Ukisoma utafiti, tafuta maswali yenyewe, uyasome moja moja kabla ya kuitazama ile namba.