Kabla Hujakubali Kurudishwa Nyumbani: Dhana Potofu Kuhusu Watoto Wenye Mahitaji Maalum

Mzazi wa mtoto mwenye usonji (autism) au mtindio wa ubongo (cerebral palsy) hapa Nairobi hakosi washauri. Wako kwenye matatu, saluni, na kwenye ploti anakoishi. Shida ni kwamba mengi wanayosema humchelewesha mtoto.

“Hiyo ni laana.” Si laana. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika mtoto akiwa tumboni, anapozaliwa au akiwa bado mchanga, kwa mfano akikosa hewa. Usonji nao hauletwi na malezi mabaya wala chanjo. Tuendelee.

“Alishapimwa hospitalini, shule itatumia barua hiyo hiyo.” Hapa ndipo wazazi huzungushwa hadi wakakata tamaa, kwa sababu tathmini ziko mbili na hazifanyi kazi moja.

Ya kwanza ni ya elimu. Hufanywa katika vituo vya kutathmini watoto kielimu, vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza mwaka wa 1984. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE) kule Kasarani pia ina kituo chake. Anayekaa na mtoto ni mwalimu aliyesomea elimu maalum. Atampa vibao apange, shanga atunge, picha ataje, huku akikuuliza wewe: alilia alipozaliwa? Aliketi lini? Alianza kutembea lini? Kwa hivyo beba kile kijitabu cha kliniki, hata kama jalada lilishang’oka. Ripoti utakayopewa hupendekeza mtoto asomee wapi na asaidiwe vipi.

Ya pili ni ya madaktari, katika hospitali ya serikali, na ndiyo inayofungua njia ya kusajiliwa na kupata kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Mtoto husajiliwa kwa cheti chake cha kuzaliwa. Kama bado hakijatoka, anza na hicho. Ripoti ya EARC haitakupa kadi ya Baraza, na kadi haitampangia mtoto darasa.

“Kadi ni ya wanaotumia viti vya magurudumu.” La. Usonji, ulemavu wa akili na uziwi vyote vimo.

“Ukiwa na kadi, pesa za Inua Jamii zinaingia zenyewe.” Haziingii zenyewe. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango huo wa serikali ni za kaya maskini zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkali, asiyeweza kuachwa peke yake. Majina huandikishwa huku mitaani, kwa hivyo chifu na mzee wa mtaa wanapaswa kujua kwamba mtoto yupo. Anayefungiwa ndani hawezi kuingia kwenye orodha. Na tusidanganyane: kwa mtoto anayevaa nepi, 2,000 haifiki mbali.

“Mwalimu mkuu akikataa, basi.” Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza shule kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya ulemavu, na mzazi aliyekataliwa anaweza kuijulisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Usigombane langoni. Sema tu, “Mwalimu, naomba uniandikie sababu.” Ni kweli shule nyingi hazina mwalimu wa elimu maalum, na malalamiko yao si ya uongo, lakini upungufu huo ni wa kuripotiwa kwa wakubwa wao. Mtoto si wa kuubeba.

“Vikundi vya wazazi ni vya kulia pamoja.” Kulia kupo, na hakuna ubaya. Lakini kitengo cha usonji katika City Primary, Ngara, kina mkono wa wazazi wa chama cha usonji, Autism Society of Kenya. Kwenye vikundi hivyo ndiko utaambiwa ni ofisi gani ya kwenda asubuhi na mapema. Utasikia pia kwamba mtahiniwa mwenye mahitaji maalum huongezewa dakika 30 katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), na kwamba shule inapaswa kulitaja hilo wakati wa kumsajili, si wiki ya mtihani.